Naimba kwaya kila Jumapili lakini imani imeniyumba. Naombeni ushauri

Mzee wa Besi:
Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka 34, Mlutheri wa kuzaliwa, naimba besi kwenye kwaya ya usharika wetu hapa Moshi. Mwaka jana tulimzika mdogo wangu. Figo. Tulifunga, tulikesha, mama akauza ng'ombe wawili ili asafishwe damu. Siku ya tatu baada ya mazishi mzee mmoja wa kanisa akanifuata chini ya turubai, sahani ya pilau mkononi: "Imani yenu ilikuwa ndogo."

Tangu hapo, tukikiri Imani ya Mitume natamka hadi "akafa, akazikwa", kisha nafunga mdomo. Kuzikwa nakuamini, nimekuona. Yanayofuata yananikwama. Mke wangu anasimama upande wa soprano, ananiona. Hajauliza kitu. Niache kwaya? Nimwone mchungaji? Mwenye matusi apite kimya kimya.

Jogoo la Bondeni:
Pole mkuu. Ila jibu unalo. Mimi niliacha 2016 na usingizi napata.

Mshika Taa:
Hayo ni mashambulizi ya adui. Funga siku tatu kavu, usile wala kunywa.

Mzee wa Besi:
Mtumishi, za kufunga nilizimaliza wodini. Sina nguvu hiyo kwa sasa.

Fundi Bomba:
Huyo mzee angemalizia kwanza pilau.

Mama Tunu:
Mwanangu, pole ya msiba. Nimezika wawili, kwa hiyo sikuhubirii. Soma Zaburi ya 88 peke yako, kwa sauti. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni zikashukuru. Hii haigeuki, inaishia gizani. Na bado wakaiacha kwenye kitabu cha kusali. Mimi niliisali mwaka mzima, maana ndiyo pekee iliyokuwa haisemi uongo kinywani mwangu.

Na kuhusu mzee wako: Yohana Mbatizaji ndiye aliyembatiza Bwana, lakini alipokuwa gerezani alituma watu wamuulize kama ndiye yeye au wamngoje mwingine. Mathayo 11. Hakukaripiwa. Wajumbe walipoondoka, Yesu akageuka akamsifu mbele ya watu. Gerezani hakutoka, alikatwa kichwa. Sasa nani atasema imani ya Yohana ilikuwa ndogo?

Jogoo la Bondeni:
Mama, hoja yako ya mwisho ndiyo iliyonitoa mimi kanisani. Ila nakuheshimu.

Mama Tunu:
Najua, baba. Karibu chai hata hivyo.

Mwinjilisti Mstaafu:
Kwaya usiache. Tomaso alikaa na wenzake siku nane akiwa haamini, na hawakumtoa nje. Bwana alipokuja alimkuta humohumo chumbani. Ukifika kwenye mstari unaokukwama nyamaza tu, wenzako watausema. Usilazimishe.

Mchungaji mwone ofisini, siku ya kazi. Usimdake mlangoni baada ya ibada, hapo atakupa mkono na "tutaombea". Mwambie kama ulivyotuambia sisi, na neno la yule mzee usilifiche; hilo ni la kushughulikiwa na baraza, si mzigo wako. Kama huna sala, ipo ya yule baba wa Marko 9: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Aliisema mwanawe akigaagaa chini, na akasikilizwa hivyo hivyo, nusu nusu.

Ila mke asiwe wa mwisho kujua. Anza naye.

Mzee wa Besi:
MREJESHO. Jana usiku alikuwa anachambua maharage, nikakaa kwenye kigoda nikamwambia yote. Akasema, "Nimekuona tangu Kwaresima. Nilidhani umenichoka mimi." Tukalia hadi mkaa ukazima, maharage hayakupikwa.

Mchungaji bado, nimeambiwa Jumanne yupo. Kesho mazoezi ya kwaya saa kumi, nitaenda.