Ushauri wakuu: nimeona mkato wa kwanza wa tamthilia niliyoandika, nimeishiwa nguvu

Kalamu Mbichi: Salaam wakuu. Ni tamthilia yangu ya kwanza ya televisheni. Juzi mhariri kanitumia mkato wa kwanza wa sehemu ya 1, yaani picha alizoziunga kwa mara ya kwanza, nitoe maoni. Picha zimepauka, namba za muda zinakimbia chini ya skrini, jina langu limegongwa katikati kuzuia wizi. Panapotakiwa moto pana kitambaa cha kijani, moto wenyewe utawekwa baadaye kwa kompyuta. Dakika 58, tunatakiwa 44! Na sini (tukio) ya jikoni, mama na binti, niliyokuwa nikiringa nayo, imepooza. Nimwambie aanze upya? Na naweza kumwonyesha rafiki?

Mzee wa Mkasi: Pole, ila mengi uliyotaja si ugonjwa. Kamera hurekodi rangi iliyopauka makusudi, msahihishaji rangi apate pa kuchezea. Urefu nao ni kawaida, mhariri huanza kwa kuunga skripti nzima. Marekani, mkataba wa chama cha waongozaji unampa mwongozaji wa sehemu ya saa moja siku 4 za kukata baada ya mhariri, ndipo watayarishaji nao waingie. Safari bado. Hiyo ya jikoni ina muziki?

Kalamu Mbichi: Upo, wa kuazima, umewekwa kwa muda tu hadi wetu upatikane. Wa huzuni.

Mzee wa Mkasi: Uzime, utazame kavu. Mimi muziki wa kuazima nauogopa kuliko kitambaa cha kijani. Kitambaa kinakwambia wazi kuna pengo. Muziki unakulilia kabla mhusika hajalia.

Dada Skripti: Kisha zima sauti yote. Mimi yalinikuta: nililaumu waigizaji wiki nzima, kumbe mama alikuwa akisema kwa mdomo kile ambacho uso wake umeshasema. Tukaondoa mistari sita, hatukupiga upya hata picha moja.

Mtazamaji Sugu: Rafiki mwonyeshe, ila usimuulize "imependeza?" Ile tamthilia ya Marekani, Game of Thrones, sehemu ya majaribio ilipigwa 2009. Watengenezaji wakawaonyesha marafiki, wakakuta watu hawajaelewa kuwa Jaime na Cersei, wahusika wanaofanya mapenzi kwa siri, ni ndugu wa damu! Na kisa chote kinaning'inia hapo. Sehemu kubwa ikapigwa upya, baadhi ya waigizaji wakabadilishwa, ikarushwa 2011. Muulize nani ni nani kwa nani.

Mzee wa Mkasi: Na produsa akubali kwanza. Rafiki aje akae nawe chumbani, faili usitume. 2014 mikato isiyokamilika ya Doctor Who, tamthilia ya Uingereza, ilivuja kabla msimu haujaanza. Wewe jina lako liko juu ya picha, hutakuwa na pa kujificha.

Kalamu Mbichi: Nimerudi. Nimezima muziki. Wakuu, mama na binti wanaelezana mambo ambayo wote wawili wanayajua tangu binti akiwa mdogo! Mhariri hana kosa. Nimemwomba anipe hadi kesho, skripti iko mezani na nusu ya ukurasa wa 12 nimeshaichora mstari.