Anime zaidi ya 40 kila miezi mitatu, na bado mnatuuliza kwa nini tuko nyuma?

Wadau, nimenyamaza vya kutosha, leo lazima niseme. Kila ikifika Januari, Aprili, Julai na Oktoba kundi letu la mashabiki wa anime, yaani katuni za Kijapani, linageuka mnada. Listi ya msimu mpya inamwagwa, anime zaidi ya 40, na wiki ya kwanza haijaisha watu wameshaanza kuhojiana nani ameona ipi. Ukisema hujaanza hata moja unaonekana mshamba.

Hebu tupige hesabu. Anime 40, kila moja episodi moja kwa wiki, dakika 24: hizo ni saa 16 za kukodolea macho simu kila wiki. Na hapo hujagusa zile za tangu zamani. One Piece peke yake ilianza 1999 na imeshavuka episodi 1,100. Mimi niko Busia ya Uganda, nafungua duka asubuhi na kufunga usiku. Hizo saa nazitoa wapi?

Tena huku kwetu episodi haiji bure. Hata ukishusha kwa ubora wa chini, moja inakula kama MB 150. Fuata anime kumi tu, ni GB moja na nusu kwa wiki. Kumbukeni na ushuru wa asilimia 12 tunaokatwa kwenye data tangu Julai 2021, ulioletwa kuchukua nafasi ya ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku. Halafu mtu mwenye waifai ya ofisi ananiandikia "yaani bado hujaiona?" Bando utaninunulia wewe?

Januari 2021, wiki ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na Attack on Titan ilikuwa katikati ya sizoni ya mwisho. Mtandao uliporudi nikakuta wenzetu wa Nairobi na Dar wameshatoboa kila kitu, yaani wamemwaga siri zote za hadithi. Wale niliwasamehe, wao hawakuzimiwa. Leo hakuna aliyezimiwa na bado mnatoboa. Episodi inaonyeshwa Japani saa sita usiku kwao, kwetu ni saa kumi na mbili jioni. Saa moja usiku mtu ameshabandika picha ya mhusika aliyekufa! Watu bado wako kwenye teksi wanarudi nyumbani. (Na hiyo sizoni "ya mwisho" iliyoanza Desemba 2020 ilikuja kuisha Novemba 2023. Karibu miaka mitatu wanamalizia!)

Kuna wanaosema wingi huu ni neema. Neema ya nani? Anime nyingi hugharimiwa na kamati: mchapishaji wa manga (vitabu vya katuni) au riwaya, kampuni ya muziki, kituo cha televisheni, watengenezaji wa sanamu za wahusika, kila mmoja anatia fungu lake. Hasara ikishagawanywa hivyo, hakuna anayeogopa kurusha kumi ili moja ishike. Mchapishaji yeye anachotaka ni vitabu vinunuliwe. Ndiyo maana tunapewa episodi 12, hadithi inakatwa pale inapoanza kunoga, basi, kimya. No Game No Life ilitoka 2014, episodi 12. Mwaka 2017 wakatoa filamu iliyorudi nyuma kusimulia mambo ya kale. Sizoni ya pili hakuna. Badala yake tunaletewa isekai nyingine, kijana kagongwa na lori, kazaliwa upya kwenye dunia nyingine, ana nguvu kuliko wote, na msimu ujao wanaleta nyingine kama hiyo hiyo.

Anime zinaongezeka, lakini wachoraji ni wale wale. Mchoraji anayeanza kule hulipwa kwa mchoro, na kiwango kinachotajwa mara nyingi ni karibu yen 200 kwa mmoja. Novemba 2023 waliokuwa wakichora Jujutsu Kaisen walijitokeza wenyewe mtandaoni kulalamikia ratiba, wakati sisi tunashangilia mapigano yake ya Shibuya. Mwaka huo huo Zom 100 ilianza Julai, ikaahirishwa na kuahirishwa, episodi za mwisho zikatoka Desemba.

Lakini kinachoniuma kuliko vyote ni maongezi yetu yaliyokufa. Enzi za Naruto mtu mmoja alijaziwa episodi kwenye flashi, flashi ikazunguka mtaa mzima. Tulikuwa nyuma ya Japani kwa miaka na hakuna aliyejali! Pambano moja tulibishana mwezi. Kwenye kibanda cha video VJ anatafsiri filamu kwa Kiganda, ukumbi mzima unapiga kelele pamoja, hata asiyeweza kusoma manukuu anafuata. Leo tumejaa humu na kila mtu yuko kwenye anime yake. Niliuliza swali kuhusu anime ya Frieren, nikajibiwa "hiyo ya zamani". Episodi zake 28 za kwanza ziliisha Machi 2024! Mwingine akajisifu kwamba aliitazama kwa kasi mara mbili. Hadithi ya mtu aliyeishi zaidi ya miaka elfu, analia kaburini kwa sababu hakujipa muda wa kumjua rafiki yake alipokuwa hai, na wewe unaikimbiza ili uandike "nimemaliza"?

Wasimamizi, wekeni sheria: siku saba kabla ya kujadili episodi mpya waziwazi, anayetoboa kabla atolewe. Wengine tunanunua bando mwisho wa wiki.

Na nyie mabingwa wa listi, tajeni hapa chini anime tano mlizomaliza msimu uliopita. Kila moja mniandikie jina la mhusika mkuu na yaliyomkuta mwishoni, bila kwenda kutafuta mtandaoni. Nasubiri.