Gari yangu si chuma chakavu, hiyo mizani kapimie pweza!

Naandika huku mikono yanitetemeka.

Yule bwana nyote mwamjua, simtaji. Yule wa simu mbili, zote hazina salio. Leo kaja kwetu Ng'ambo kuangalia gari ya marehemu babu, Ford Mustang. Fastback, ile ya mgongo wa kuteremka, ya 1967, wallahi Unguja nzima sijaiona ya pili. Nikamsomea namba ya bodi: 7F02K. Saba ndio mwaka, F kiwanda cha Dearborn, 02 ndio huo mgongo wa kuteremka, na K, jamani, K! Injini ya V8 ya lita 4.7, nguvu za farasi 271, na 1967 ndio mwaka wa mwisho Mustang kutiwa injini hiyo. Huko Marekani watu waitafuta hiyo herufi moja kama mwezi wa Idi.

Ila zake sikuficha. Chumvi imekula sakafu, ukikaa mbele waona kuku wanapita. Haina chesisi ya peke yake, bodi ndiyo hiyo hiyo, kwa hivyo kazi ipo. Mvua ikinyesha maji yaingia kwenye matundu ya hewa chini ya kioo, yakakushukia miguuni, watia udhu huku unaendesha. Yote nimemwambia!

Akazunguka mara mbili. Akagonga boneti, ngo ngo, kama anunua fenesi. Halafu: "Kilo wauza vipi?"

KILO. Nishampa juisi ya ukwaju! Kanywa glasi mbili, kafuta mdomo, kaniuliza kilo. Kijana wake akatoa mizani ya kuning'iniza, ile ya pweza. Gari yapita tani, weye waja na ndoana! Juisi yangu tumboni, kilo mdomoni.

BiUbani: Kumbe K ndio ya Kilo 😂

Chai_Maharage: Usukani upande gani?

Mwenye uzi: Kushoto. Kwani vipi?

Chai_Maharage: Basi kilo yatosha.

Mpemba_Halisi: Yakhe, ukwaju ulitia barafu? Labda ndio tatizo.

Mtoto_wa_Mkunazini: Huyo huyo! Kwetu alikuja kuangalia mlango wa nakshi wa mababu. Kaugusa, kauliza kama wawaka vizuri.

BiUbani: Mlango wenu haufungi tangu nasoma chuoni.

Mtoto_wa_Mkunazini: Haufungi kwa sababu fundi kaondoka na kitasa!

Mpemba_Halisi: Mafundi msiniguse. Mie wangu kachukua kabureta ya Vespa tangu Mfungo Mosi. Kila nikimpigia, yuko msibani. Ukoo wake wote umeshakwisha.

Chai_Maharage: Yule wa Mwanakwerekwe, mwenye kofia ya kijani? Ana na klachi yangu!

Mwenye uzi: Jamani, alileta mizani ya PWEZA.

Mpemba_Halisi: Ngoja kwanza sheikh. Kofia ya kijani, au ya kijani iliyopauka?