Shaolin Soccer: mliitazama wapi mara ya kwanza? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Jana nimeirudia Shaolin Soccer ya Stephen Chow, ile filamu ya kuchekesha ya Hong Kong ya mwaka 2001 ya watu wa kung fu wanaocheza soka, nikiwa na wanangu wawili. Mara ya kwanza niliiona nikiwa darasa la sita, kibanda umiza cha mtaani kwetu Tandika, kiingilio Sh 50, madirisha yamezibwa kwa magunia, tumebanana kwenye mabenchi hadi jasho la mwenzio linakushukia begani. Fainali imefika, timu ya Hung, yule adui, inawaumiza makipa wetu mmoja baada ya mwingine, CD ikaganda. Mwenye banda akaitoa, akaipulizia, akaifuta kwa fulana, akairudisha. Ikaganda palepale. Mwisho wake nilisimuliwa na kaka mmoja aliyeapa kwamba mpira uliua uwanja mzima, nami nikaamini miaka mingi.

Utotoni nilikuwa naangalia mateke tu. Jana kilichonishika ni Fung, yule kocha anayechechemea. Alikuwa nyota, akapokea hundi ili akose penalti, akavunjwa mguu, akaishia kumtumikia Hung huyohuyo aliyempa hundi. Ng Man-tat aliyemcheza alifariki Februari 2021. Nilimwangalia hadi koo likakaza.

Ninyi je?

Mdau wa Tanga
Sisi tuligawana majina ya wahusika. Mimi nilikuwa Mguu wa Chuma kama stelingi, mdogo wangu Kichwa cha Chuma. Mpira wa makaratasi, mfuko wa rambo juu yake, kamba ya katani. Nikaruka samasoti kutoka kwenye lundo la mchanga wa ujenzi ili niupige hewani, nikatua na kiganja. Mama alinikanda kwa maji ya chumvi wiki nzima, na kila jioni nilikuwa dirishani nawatazama wenzangu wakicheza.

Mdau wa Arusha
Sisi tuligombana kuhusu golikipa. Nusu ya banda walisema ni Bruce Lee mwenyewe, ile suti ya njano si ndiyo yake! Kaka aliyejua akatuambia Bruce Lee alifariki mwaka 1973. Yule ni Danny Chan, na baadaye kweli alikuja kumcheza Bruce Lee kwenye tamthilia ya mwaka 2008.

Dada wa Mombasa
Mimi niliipenda kwa sababu ya Mui. Zhao Wei kacheza msichana anayekanda unga wa mikate ya mvuke kwa taichi, ile sanaa ya Kichina ya miondoko ya polepole, nywele zimemfunika uso, haya tele. Halafu fainali wachezaji wamekwisha, anatokea amenyoa kipara, anaingia golini. Shuti linakuja kama kimbunga, naye halipigi ngumi. Analipokea, anazunguka nalo, linatulia mikononi.

Kaka zangu walikuwa wananiweka golini kwa vile hakuna aliyepataka. Baada ya filamu ile nikapataka mwenyewe. Jioni nikienda uwanjani peke yangu, napiga mpira ukutani, ukirudi naupokea huku mikono inarudi nyuma kidogo na magoti yanalegea. Vidole vikaacha kuuma. Nilidakia timu ya shule miaka mitatu, na sasa nafundisha mabinti wa mtaani udakaji. Somo la kwanza ni lilelile: usishindane na mpira, uupokee.

Mdau wa Mwanza
Na wasioiheshimu kwa kuwa ni ya kuchekesha wajue kwamba mwaka 2002 ilichukua filamu bora katika tuzo za filamu za Hong Kong, na Wong Yat-fei, Kichwa cha Chuma, akapata ya mwigizaji msaidizi. Ilistahili.

Mwanzisha mada
Dada wa Mombasa, asante sana. Nimemsomea binti yangu, ana miaka tisa, ameanza kuurushia mpira ukuta wa jikoni. Mwenye nakala yenye sauti ya mtafsiri wa Kiswahili anishtue, maana maandishi ya chini bado yanampita mbio.