Pedeli za kunasa na viatu vyake: anayeanza Kigoma achukue zipi?

kibirizi_29
Wakuu, salaam. Baiskeli yangu ni ya milimani, tairi inchi 29, kranki za alumini. Siku za kazi ni Mwanga hadi Ujiji, Jumamosi napandisha kuelekea Kidahwe, lami na vumbi kwa pamoja. Nataka kuweka pedeli zinazonasa kiatu. Kuna za bolti mbili na za bolti tatu, nichukue zipi? Na viatu vya mitumba vinaaminika?

fundi_spoku
Bolti mbili, mkuu. Mfumo wa SPD wa kampuni ya Shimano. Kliti yake, yaani kile kinachofungwa kwa bolti chini ya kiatu na kunaswa na pedeli, ni kipande kidogo cha chuma kinachokaa ndani ya soli, kwa hiyo ukishuka kununua maji unatembea kawaida. Ile ya bolti tatu ni plastiki pana iliyotokeza chini ya kiatu. Kwenye lami tupu ni nzuri sana, ila ukiitembeza juu ya kokoto inalika upesi, na ule udongo mwekundu ukiloa unaishindilia mpaka inakataa kunasa. Halafu pedeli nyingi za SPD zinanasa pande zote mbili. Ukianza safari katikati ya mlima hutafuti upande kwa ncha ya kiatu.

Angalia pia aina ya kliti. Pedeli nyingi za Shimano huja na SH51, inayoachia kwa kuzungusha kisigino kwenda pembeni tu. Anayeanza atafute SH56, inaachia hata mguu ukivutwa kwa kukurupuka. Ubaya wake ni kwamba ukivuta pedeli juu kwa nguvu mlimani inaweza kukutoka. Na usichanganye: kliti za kampuni nyingine, Crank Brothers, haziingii kwenye SPD.

Kufunga: pedeli ya kushoto ina thredi za kinyume, inakaza kuelekea kushoto. Paka grisi, anza kwa vidole mpaka ishike mizunguko mitatu minne, ndipo ulete spana. Fundi akiikamatisha kwa spana ikiwa imekaa upande, thredi ya alumini inakatika na hapo unanunua kranki, siyo pedeli.

dada_wa_gia
Niongezee kwenye kliti, maana magoti huumia hapo. Vaa kiatu, papasa fundo la mfupa chini ya kidole gumba na lile la kidole kidogo, weka alama za kalamu pembeni ya soli. Katikati ya kliti ikae baina ya alama hizo mbili. Ukiwa na shaka irudishe nyuma kidogo, usiipeleke mbele. Ikiwa mbele mno, misuli ya nyuma ya mguu inachoka na unyayo unawaka moto. Kisha keti juu ya meza miguu ining'inie, uone vidole vinaelekea wapi. Kliti ifuate hapo. Usilazimishe miguu inyooke kama ya gwaride.

Bolti ni za M5 (unene milimita 5), spana ya Allen namba 4, grisi kwenye thredi, kaza Nm (nyutoni mita) 5 hadi 6. Baada ya safari ya kwanza kaza tena. Hili watu hulipuuza: kliti ikilegea inazunguka pamoja na kiatu, kisigino kinatoka nje lakini pedeli haikuachii. Kuanguka ukiwa umesimama kabisa, mara nyingi chanzo ndicho hicho.

Springi inayobana kliti: skrubu yake kwenye pedeli nyingi za SPD ni Allen namba 3, na kwa pedeli za pande mbili kuna skrubu nne kwa jumla. Zilegeze zote kwa idadi ileile ya mibofyo, ila usifungue mpaka skrubu itoke.

Mazoezi: shika ukuta, nasa na uachie mguu mmoja mara nyingi, kisha mwingine. Ukisimama barabarani toa wa kushoto, maana ukingo uko kushoto, na uutoe mita kadhaa kabla ya kusimama. Zungusha kisigino, ukivuta juu unajichosha.

unyanyembe_mtb
Mimi wa Tabora nawapinga kidogo. Kama safari ni Mwanga na Ujiji tu, pedeli bapa zenye meno na kiatu cha soli ngumu vinatosha, na pesa inabaki ya tairi. Na mwenye Phoenix ya kranki ya kotapini asikimbilie kununua: pima kwanza tundu, pedeli hizi zinataka thredi ya inchi 9/16, na kuna kranki za zamani za nusu inchi.

Ukiamua kuweka, usimwagie springi oili chafu ya gari, inashika vumbi kama gundi. Piga brashi kavu, tia tone la oili nyepesi, futa.

kibirizi_29
Asanteni. Dada, na mitumba?

dada_wa_gia
Inawezekana, ila geuza kiatu. Kunja soli kwa nguvu: ikitoa nyufa au kumong'onyoka unga, gundi na povu vimezeeka, kiache. Toa soli ya ndani utazame bamba lenye matundu ya bolti. Liwe linateleza na halina kutu. Nenda na bolti moja ya M5 mfukoni uijaribu palepale. Kipimo chukua jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, tena kwa sentimita, maana namba 42 ya kampuni moja siyo 42 ya nyingine. Kisigino kisipande, vidole vicheze.