Tupeane uzoefu: kijana wako alipopelekwa kwa mwanasaikolojia

Habari zenu. Mwanangu yuko Kidato cha Pili. Tangu tumzike babu yake hali chakula vizuri, halali usiku, na asubuhi za shule tumbo linamuuma mpaka anatapika. Vipimo vyote havionyeshi kitu. Daktari ametuandikia twende kwa mwanasaikolojia. Ndugu wanasema aombewe kwanza. Maombi tutafanya, ila miadi siiachi. Mliopitia, mle ndani wanafanya nini hasa? Naombeni yaliyowatokea wenyewe.
(Mama, Morogoro)

Pole sana dada. Binti yangu alianza akiwa na miaka 15, sonona, ile huzuni nzito isiyoisha. Siku ya kwanza tuliingia wote, na mwanasaikolojia akasema mbele yetu: atakayoyasema binti yatabaki pale, isipokuwa ikionekana anataka kujidhuru, kuna mtu anamdhuru, au anataka kumdhuru mwingine. Kisha nikaombwa nikakae nje kwenye benchi. Kauli ile ndiyo iliyomfungua, maana aliamini kila neno lingefika kwa mama yake. Mkitoka, usimhoji njiani. Sisi tulipitia chipsi, tukaongea mengine kabisa. Baadaye akawa ananisimulia mwenyewe, kidogo kidogo.
(Baba, Mwanza)

Mimi ndiye niliyepelekwa, nikiwa sekondari. Nilikuwa siwezi kusoma kwa sauti darasani. Mikono inatetemeka, sauti inakata. Sikulazwa kwenye kochi wala kuulizwa ndoto. Nilipewa daftari, nikalichora safu tatu: kilichotokea, nilichowaza, ushahidi. Nikaandika "darasa zima litanicheka". Wiki iliyofuata tukahesabu waliocheka kweli: wawili, na mmoja wao humcheka kila mtu. Halafu tukapanda hatua kwa hatua: kumsalimia mwalimu ofisini, kuuliza swali moja, kusoma sentensi moja, kisha aya. Ni tiba ya fikra na tabia, iliyotokana na kazi ya daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck, Marekani, miaka ya 1960. Kazi kubwa ilikuwa nyumbani, kati ya miadi na miadi. Mama, mwanao akipewa zoezi mpe nafasi alifanye, na daftari lake usilisome.
(Kijana, Arusha)

Angalia na mtu mwenyewe. Wa kwanza tuliyempata alimhubiria mwanangu muda wote kuhusu kutii wazazi. Tukabadilisha. Na shuleni kwake mwalimu wa ushauri nasaha ndiye huyohuyo wa nidhamu, ndiye mwenye fimbo. Mtoto gani atamfungukia?
(Mama, Dar)

Hilo la shule linaniuma mimi kama mwalimu. Huku Kenya nimeona mpango uitwao Shamiri: vijana waliotoka sekondari juzi tu wanafunzwa kuongoza vikundi vya wanafunzi, vipindi 4 vya saa moja, wakizungumzia shukrani, kwamba mtu anaweza kubadilika, na yale wanayoyathamini. Utafiti uliotoka 2021, wenye wanafunzi 413, ulionyesha dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kuliko kwa kikundi kilichofundishwa mbinu za kusoma. Wanafunzi huongea na kaka au dada wa rika la karibu kuliko nasi. Lakini anayezungumzia kufa asisubiri kikundi wala miadi. Muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Ondoa sumu ya panya na dawa za shamba nyumbani, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Namba 116 ni ya bure kwa mambo ya watoto, Kenya na Tanzania.
(Mwalimu, Nakuru)

Asanteni sana, nimemsomea baba yake yote. Kufa hajataja, nilimuuliza leo jioni. Swali moja: miadi ikiangukia saa za masomo, shuleni mlisemaje? Hataki wenzake wajue.
(Mama, Morogoro)

Omba karatasi ya mahudhurio. Yetu iliandikwa tarehe na saa tu, ugonjwa haukutajwa. Nilimkabidhi mwalimu wa darasa mwenyewe, mkononi.
(Baba, Mwanza)