El Diablo Cojuelo: kigazeti cha toleo moja tu, kinakumbukwa kwa lipi?

Chizi wa Magazeti: Wakuu, nasoma habari za Cuba enzi za Mhispania, nimekuta José Martí, yule mshairi na mpigania uhuru wa Cuba, aliandikia kigazeti cha kejeli pale Havana, El Diablo Cojuelo, yani Shetani Kiguru, kikatoka 19 Januari 1869 mara moja basi kwisha. Sasa mbona kinatajwa mpaka leo? Au sababu ndo kilibeba ile tamthilia yake ya Abdala?

Bi Kona: Abdala haimo humo mkuu, ilitoka siku 4 baadae kwenye La Patria Libre, nalo toleo moja tu. Cojuelo lilikuwa la rafikiye Fermín Valdés Domínguez, na Martí alikuwa dogo wa shule, bado siku 9 atimize miaka 16! Vita ya uhuru ilishawaka mashariki tangu Oktoba 1868, gavana Dulce akaona apoze watu, tarehe 9 Januari akaruhusu magazeti, vikachipuka vijigazeti kama uyoga, Februari akafunga bomba.

Msomaji Kijiweni: Jina lenyewe kijembe. Huyo shetani ni wa hadithi ya zamani ya Kihispania, anafunua mapaa ya nyumba za Madrid usiku achungulie watu wanafanya nini ndani. Na dogo hakuushukuru huo uhuru wa magazeti hata kidogo, anasema unakuruhusu kubwabwaja chochote utakacho, isipokuwa kinachowasha 😂 alafu humohumo anapachika "O Yara o Madrid", chagua moja, maana Yara ndo jina la yale maasi ya Oktoba 1868 aliyoyaongoza Céspedes. Hapo nani hajaelewa? Siku 3 tu baadae wanamgambo wa serikali wakawamiminia watu risasi kwenye ukumbi wa Teatro Villanueva pale Havana, na kesho yake Martí bado akatoa Patria Libre, aisee.

Chizi wa Magazeti: Kumbe. Kwahiyo ndo kilichomfunga Martí jela?

Bi Kona: Wala. Ni barua. Oktoba wanamgambo walipekua kwa kina Fermín wakaokota barua ya wao wawili wakimsuta mwanafunzi mwenzao aliyejiunga na jeshi la Mhispania. Fermín miezi 6, Martí miaka 6, mnyororo toka kiunoni mpaka kifundo cha mguu, anavunja mawe machimbo ya San Lázaro.

Msomaji Kijiweni: Ila hakuimaliza, 1871 wakampakia meli kwenda Hispania.